Iboga: mambo ya kuzingatia kabla ya kuonja gome la mzizi wake

Iboga ni kichaka kinachoota chini ya miti mirefu katika misitu ya Gabon, Kamerun na Kongo, na wanasayansi wanakiita Tabernanthe iboga. Kinachotafutwa si tunda wala jani bali gome la mzizi, ambalo likikwanguliwa na kukaushwa hutoa unga wa kahawia, mchungu mno, unaotia ganzi ulimi. Wafuasi wa Bwiti, dini ya jadi nchini Gabon, huutumia katika ibada zao. Nje ya huko, wengi wanaouulizia ni watu waliochoshwa na arosto ya heroini, yaani mateso ya mwili unapoikosa, wakitumaini unga huu utayapunguza, au ndugu zao, na kwao nina jambo moja la kutanguliza: kabla ya kuuliza unapatikana wapi, moyo wa mhusika upimwe.

Ibogaini, kemikali kuu ya gome hilo, huziba vijia ambavyo potasiamu hupitia kutoka ndani ya seli za moyo, kwa hiyo moyo huchelewa kujiweka tayari kwa pigo linalofuata. Kwenye karatasi ya ECG, kipimo cha umeme wa moyo, ucheleweshaji huo huonekana kama kurefuka kwa kipindi kinachoitwa QT, na kikirefuka kupita kiasi, mapigo yanaweza kuvurugika ghafla na mtu akafariki. Mapitio yaliyochapishwa mwaka 2012 yalihesabu vifo 19 vilivyotokea kati ya 1990 na 2008, saa 1.5 hadi 76 baada ya matumizi. Katika vifo 14 vilivyokuwa na taarifa za kutosha za uchunguzi wa maiti, 12 vilihusishwa na maradhi yaliyokuwapo tangu awali, hasa ya moyo, au na dawa za kulevya zilizotumiwa pamoja nayo. Nawasihi wasomaji waitazame hiyo saa ya 76, kwa maana ni zaidi ya siku tatu. Ini huigeuza ibogaini kuwa noribogaini, ambayo hukaa mwilini muda mrefu zaidi na yenyewe pia hurefusha QT, kwa hiyo uangalizi wa usiku mmoja hautoshi.

Hivyo basi, ECG ifanyike kabla, na damu ipimwe potasiamu na magnesiamu, ambazo hushuka kwa mtu aliyetapika au kuharisha, hali ya kawaida kabisa wakati wa arosto. Familia iulizwe kama kuna aliyewahi kufa ghafla akiwa kijana. Daktari aoneshwe kila dawa inayotumika: methadoni, dawa wanayopewa waraibu badala ya heroini, nayo hurefusha QT, sawa na baadhi ya dawa za malaria, za magonjwa ya akili na za bakteria kama erithromaisini, ilhali fluoksetini, dawa ya sonona, hukizuia kimeng'enya cha ini kinachoivunja ibogaini. Wapo pia waliozaliwa na kimeng'enya hicho kikiwa dhaifu, wala hakuna dalili ya nje ya kuwatambua.

Kuhusu ushahidi, tumaini lipo, ila lipimwe kwa uzito wake. Habari za ibogaini kupunguza arosto zilianza na Howard Lotsof, Mmarekani aliyeitumia mwaka 1962 akiwa mraibu wa heroini, na tangu hapo sehemu kubwa ya ushahidi imetokana na kuwafuatilia waliokwisha kuitumia. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford wa mwaka 2024 uliwahusu wanajeshi wastaafu 30 wenye majeraha ya ubongo, waliopewa ibogaini pamoja na magnesiamu ili kuulinda moyo. Sonona na kiwewe vilipungua sana, lakini hapakuwa na kundi la kulinganisha, na washiriki walichujwa kabla ya kukubaliwa. Matokeo hayo hayamhusu mtu anayekoroga unga wa iboga chumbani peke yake.

Unga wenyewe hautabiriki, maana kiwango cha ibogaini hutofautiana kutoka mzizi hadi mzizi, na vidondoo, yaani kemikali zilizokamuliwa kutoka kwenye gome na kukolezwa, vina nguvu mara nyingi zaidi ya gome. Sheria nazo zinatofautiana: Marekani na Ufaransa zimeipiga marufuku iboga, ilhali Gabon iliitangaza kuwa urithi wa taifa mwaka 2000.

Mwisho, mipango ya wiki zinazofuata ifanywe mapema. Mwili uliopumzika na heroini hupoteza uzoefu wake, kwa hiyo anayerudia kipimo alichokizoea zamani anaweza kuacha kupumua. Ndugu watakaokaa naye walijue hilo, na naloksoni, dawa ya kumwokoa aliyezidisha heroini, iwe karibu nao.