Kuomba kazi ya utafiti wa uthibitishaji wa programu ukiwa Kigoma au Tabora

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa kompyuta wa mwaka wa mwisho, au aliyemaliza Dodoma au Dar na sasa yuko nyumbani Gungu au Isevya akitafuta pa kuanzia. Uthibitishaji wa programu ni fani ya kuonyesha kwa hoja za kihisabati kwamba programu haiwezi kukosea kwa namna fulani, hata ukiipa data yoyote. Kuijaribu mara elfu hakutoshi. Kazi zake za utafiti zipo Ulaya na Marekani kwa wingi kuliko kwetu, na sehemu kubwa ya maombi unaweza kuyaandaa ukiwa hapa hapa. Ninachosisitiza tangu mwanzo ni hiki: peleka uthibitisho mmoja mdogo ulioufanya mwenyewe na unaoweza kuutetea. Huo una uzito kuliko vyeti kumi vya kozi za mtandaoni.

Hatua ya 1: Jua unaomba nafasi ipi

Ujerumani nafasi ya uzamivu kwa kawaida ni ajira yenye mkataba na mshahara, mara nyingi daraja la E13 la TV-L (ngazi ya mishahara ya watumishi wa majimbo ya Ujerumani), na wengi hudai uwe na uzamili. Uholanzi na Norway nako mwanafunzi wa uzamivu ni mwajiriwa. Nafasi za Norway hutangazwa kwenye tovuti ya Jobbnorge, na nyingi za nchi nyingine za Ulaya utazikuta kwenye tovuti ya EURAXESS. Marekani wanapokea hata mwenye shahada ya kwanza moja kwa moja kwenye uzamivu. ISTA, taasisi ya sayansi na teknolojia ya Austria, nayo hufanya hivyo.

Kazi ndogo ya mwanafunzi msaidizi wa utafiti, ile Wajerumani wanayoiita HiWi, usiiombe ukiwa Tabora. Ni ya mtu ambaye tayari amesajiliwa chuoni kule, analipwa kwa saa. Barua nyingi kutoka kwetu hupotelea hapo. Kwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza aliye Tanzania, njia iliyo wazi ni fildi ya utafiti: taasisi ya MPI-SWS (ya Max Planck, ya utafiti wa mifumo ya programu) iliyoko Saarbrücken na Kaiserslautern, Ujerumani, hupokea wanafunzi kutoka nchi yoyote, na ISTA ina mpango wake wa aina hiyo. Ipo pia Google Summer of Code, mpango wa Google wa kuchangia programu huria kwa posho, ambao kazi yake unaifanya ukiwa nyumbani.

Nafasi yoyote ya ajira inayokudai utume "ada ya kushughulikia maombi" kwa M-Pesa ni utapeli. Achana nayo hapo hapo.

Hatua ya 2: Weka zana moja

Tumia Linux. Windows itakulia muda. Kompyuta yenye RAM ya GB 4 inatosha kuanzia, na zana ninayoipendekeza ni CBMC, inayokagua programu za C: ni ndogo, haimalizi bando, na kwenye Ubuntu unaiweka kwa `sudo apt install cbmc`. Usishushe makontena ya Docker ya GB kadhaa kwa bando la simu wakati kifurushi cha kawaida kipo.

Usianze na mafaili ya SV-COMP, mashindano ya zana za uthibitishaji. Kule kila zana hupewa dakika 15 za kichakataji na GB 15 za kumbukumbu kwa faili moja. Kompyuta yako itaganda, nawe utadhani tatizo ni wewe.

Hatua ya 3: Tengeneza sampuli, na uhakikishe haikudanganyi

Hapa ndipo watu hupoteza siku nzima, kwa sababu zana inaandika VERIFICATION SUCCESSFUL na mtu anaamini. Msomaji wa maombi yako ataanza kwa kuuliza umeithibitisha nini hasa.

Chukua mfano unaojulikana. Mwaka 2006 Joshua Bloch alieleza hadharani kwamba utafutaji wa kugawa nusu (binary search) uliokuwa kwenye maktaba ya Java ulikuwa na kosa: kutafuta katikati kwa `(chini + juu) / 2` hufurika (overflow) jumla inapozidi 2,147,483,647, namba kubwa kuliko zote ambayo `int` inaweza kubeba, na jibu linakuwa hasi. Kosa hilo lilikuwa limekaa hapo kwa miaka likitumiwa na watu wengi. Andika hivi kwenye faili `katikati.c`:

```
int katikati(int chini, int juu) {
  return (chini + juu) / 2;
}

int main() {
  int chini, juu;
  __CPROVER_assume(0 <= chini && chini <= juu);
  int k = katikati(chini, juu);
  __CPROVER_assert(chini <= k && k <= juu, "k imo ndani");
}
```

Kisha: `cbmc katikati.c --signed-overflow-check --trace`

Hapo `assume` ni sharti la data, na `assert` ni dai linalokaguliwa. CBMC huchukulia kigeu cha ndani kisichopewa thamani kuwa kinaweza kuwa namba yoyote, kwa hiyo huna haja ya kubuni data. Itakuonyesha mfano pinzani: thamani mbili kubwa ambazo jumla yake inafurika. Badilisha mstari uwe `chini + (juu - chini) / 2`, endesha tena, itapita. Sasa una kosa halisi, ushahidi wake, na marekebisho yaliyothibitishwa kwa kila jozi ya namba inayotimiza sharti.

Yanayokwamisha ni haya.

La kwanza, ukikagua utafutaji mzima kwa safu ya vipengele 16, kosa hilo halitaonekana kamwe. Ili `chini + juu` ifurike unahitaji safu ya vipengele zaidi ya bilioni moja. Zana haijakosea, wewe ndiye uliyeipa ulimwengu mdogo. Ndiyo maana nimekitenga kipande cha katikati na kukikagua peke yake. Andika kikomo hicho wazi kwenye maelezo yako: "imethibitishwa kwa safu za hadi vipengele 16". Profesa akiona umekitaja mwenyewe anaelewa kwamba unajua unachofanya.

La pili ni vitanzi (loops). CBMC hukunjua kitanzi idadi ya mara unayoitaja kwa `--unwind`. Utafutaji wa kugawa nusu kwenye vipengele 16 huzunguka mara 5 kwa wingi, basi unaweka `--unwind 6`. Moja ya ziada ni ya kuhakikisha kitanzi kimekwisha. Ukiweka 4 kwenye matoleo ya 5, yale yanayokuja na Ubuntu za zamani, zana inakata njia zilizobaki kimyakimya na kukuambia imefaulu. Dawa yake ni kuongeza `--unwinding-assertions`. Kuanzia toleo la 6 ukaguzi huo, pamoja na wa kufurika na wa mipaka ya safu, umewashwa tangu mwanzo. Kwa sababu hiyo endesha `cbmc --version` na uandike toleo lako. Amri ile ile inatoa maana mbili kwenye mashine mbili.

La tatu ni baya zaidi: masharti yanayopingana. Ukiandika kwa bahati mbaya `__CPROVER_assume(n > 10 && n < 5)`, hakuna hali hata moja inayobaki ya kukaguliwa, na kila dai litapita, hata la uongo. Jipime hivi: weka `__CPROVER_assert(0, "nimefika")` mwishoni mwa `main`. Lazima LISHINDWE. Likipita, programu yako haifiki hapo na uthibitisho wako ni mtupu. Ukishaona limeshindwa, liondoe. Baada ya hapo panda kosa kwa makusudi, mathalani geuza `<` iwe `<=` kwenye kitanzi, uone kama zana inalikamata. Uthibitisho ambao hujawahi kuuona ukikataa kitu usiutume kwa mtu.

Wengi hukimbilia Dafny, lugha ya programu yenye kithibitishaji chake ndani, kwa sababu inasomeka vizuri. Naipenda pia, na inathibitisha vitanzi bila kuweka kikomo cha mizunguko, mradi uandike sharti lisilobadilika la kitanzi (loop invariant), yaani kauli inayobaki kweli kila mzunguko. Lakini `int` ya Dafny ni namba nzima ya kihisabati, haifuriki. Ile `(chini + juu) / 2` yenye kosa itapita bila neno. Ukitaka ilione, tangaza aina yenye mipaka:

`newtype int32 = x: int | -0x8000_0000 <= x < 0x8000_0000`

Mambo ni hayo hayo kwa Frama-C, zana nyingine ya programu za C: `frama-c -wp` peke yake haikagui kufurika, ongeza `-wp-rte`.

Mwisho, weka kila kitu kwenye ripo ya wazi (repository, ghala la kodi mtandaoni): faili lenye kosa, faili lililorekebishwa, hati moja ya `kagua.sh` inayorudia majaribio yote, toleo la zana, muda uliotumika, na aya moja ya mipaka. Maelezo yaandike kwa Kiingereza.

Hatua ya 4: Barua

Iwe fupi, maneno yasiyozidi 200, kwa profesa mmoja wa kundi moja. Sisi tumelelewa kumjulia mtu hali kabla ya kusema shida. Huku usifanye hivyo, na "Respected Sir" iache. Anza na jina lake na cheo. Sentensi ya kwanza: nafasi unayoiomba na namba ya tangazo. Ya pili: makala yake moja uliyoisoma na kitu mahususi ulichokiona ndani. Kisha kiungo cha ripo na sentensi mbili za ulichothibitisha na ulichoshindwa. Makala za fani hii utazipata kwenye mikutano ya CAV na TACAS, na nyingi zina nakala ya bure kwenye ukurasa wa mwandishi. Barua inayoweza kutumwa kwa maprofesa kumi bila kubadilisha neno haijibiwi.

Viambatisho viwe PDF moja. Usipige picha transkripti kwa simu mezani. Nenda steshenari ukaiskani vizuri.

Hatua ya 5: Alama, wadhamini, pasipoti

Andika GPA yako kama ilivyo pamoja na kipimo chake, mfano 4.1 kati ya 5.0. Kwa Ujerumani 1.0 ndiyo alama ya juu, na hesabu inayotumika ni 1 + 3 × (ya juu − yako) ÷ (ya juu − ya chini ya kufaulu). Kwa 4.1, yenye ukomo wa 5.0 na kufaulu kwa 2.0, inatoka 1.9. Angalia pia chuo chako kwenye anabin, hifadhidata ya Ujerumani ya vyuo na vyeti vya nje. Alama ya H+ maana yake kinatambuliwa.

Wadhamini wawili (referees), waombe kwanza na uwapelekee ripo yako waisome. Wao wenyewe watumie imeili ya chuo kuliko ya binafsi.

Pasipoti ni shilingi 150,000, na unahitaji namba ya NIDA, cheti chako cha kuzaliwa na cha mzazi au kiapo. Kigoma ni mpakani, maswali ya uraia huwa mengi, kwa hiyo karatasi za wazazi zitafute sasa, usingoje barua ya ajira.

Hatua ya 6: Usaili

Hakikisha saa. Wakisema 10:00 ya Ujerumani, majira ya baridi huko ni saa sita mchana kwetu. Majira ya joto ni saa tano asubuhi. Weka laini mbili za mitandao tofauti na chaji ya kutosha kwa umeme ukikatika.

Watakupa kitanzi kidogo, mathalani cha kutafuta namba kubwa kuliko zote kwenye safu, wakuombe sharti lake lisilobadilika. Jibu: `m`, namba kubwa iliyopatikana hadi hapo, ni kubwa au sawa na kila kipengele kabla ya nafasi `i`, na `m` yenyewe ni mmoja wa vipengele hivyo. Wengi husahau nusu ya pili, na bila hiyo programu inayorudisha 2,147,483,647 daima ingepita.

Wakikupa nafasi, uliza mkataba ni wa miaka mingapi na ni asilimia ngapi ya E13. Mkataba wa 50% na wa 100% vinatangazwa kwa daraja lile lile.