Kuandaa tangi la samaki nyumbani kabla ya kuweka samaki wa kwanza

Duka likikuuzia tangi na samaki mchana mmoja, kuna uwezekano mkubwa utarudi baada ya wiki mbili kununua samaki wengine. Maji yatakuwa yanang'aa na samaki watakuwa wanakula vizuri, kisha mmoja mmoja ataanza kupanda juu kuhema, na asubuhi umkute ameelea. Kinachowaua hakionekani kwa macho. Ni amonia, ambayo samaki huitoa mwilini hasa kupitia matamvua. Ziwani inapotea kwenye maji mengi. Kwenye tangi la sebuleni haina pa kwenda.

Wa kuiondoa ni bakteria. Kundi la kwanza huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia mpaka utakapobadilisha maji. Bakteria hao ni wachache mno kwenye maji ya bomba, na hukua polepole. Inabidi uwafuge kwanza. Mafundi wenzangu tunaita kazi hiyo kukomaza tangi, na ndiyo inayochukua sehemu kubwa ya mwongozo huu. Vioo, taa na mapambo ni kazi ya siku moja.

Nitatumia mfano wa tangi ninalofunga mara nyingi hapa Dar es Salaam: urefu sentimita 80, upana 40, kimo 40, kwa ajili ya samaki wadogo wa Ziwa Tanganyika wanaoishi ndani ya makombe ya konokono. Jina lao la kitaalamu ni Neolamprologus multifasciatus. Dume hazidi sentimita 5 na jike ni mdogo zaidi. Ukitaka samaki wengine, hatua ni zilezile, ila mchanga na mawe yatabadilika.

Hatua ya 1: Pima maji uliyonayo

Watu huchagua samaki kwa rangi, halafu wanahangaika kuyabadili maji yamfae. Fanya kinyume chake. Chukua maji unayotumia nyumbani, yaache kwenye ndoo wazi usiku kucha, kisha pima pH (kipimo cha uchachu wa maji) na ugumu wake, yaani wingi wa madini kama chokaa yaliyoyeyuka ndani yake. Maji magumu yenye pH ya 8 na kuendelea yanawafaa samaki wa Tanganyika, maana ziwa lenyewe lina pH inayokaribia 9. Maji laini ya pH 7 kushuka yanawafaa zaidi samaki wa mito ya Amerika Kusini, kama tetra.

Wenye visima vya Dar wawe makini hapa. Maji magumu si sawa na maji ya chumvi. Kisima ambacho chai yake ina ladha ya chumvi kimeingiliwa na maji ya bahari, na hakifai kwa samaki hawa hata kama pH inasoma vizuri. Maji ya mvua nayo ni laini kupita kiasi. Yakitumika peke yake, pH huporomoka katikati ya kazi na bakteria wanagoma.

Nunua vipimo vya matone, vya amonia, nitriti, nitrati, pH na ugumu. Vile vya karatasi za kuchovya ni rahisi bei, lakini tofauti kati ya sifuri na robo miligramu, ambayo ndiyo unayoitafuta, havikuonyeshi vizuri. Kama mfuko unabana, punguza kwenye mapambo.

Hatua ya 2: Tangi, meza na mahali

Tangi la vipimo nilivyotaja hubeba lita 128 likijazwa pomoni. Ukitoa mchanga, mawe na nafasi ya juu, maji halisi ni kama lita 100. Hizo ni kilo 100. Ongeza vioo na mchanga, unakaribia kilo 150 juu ya meza moja. Kabati la televisheni la mbao za maranda haliwezi. Tengeneza stendi ya chuma au mbao ngumu, pima kwa pimamaji pande zote mbili, na weka foamu nyembamba chini ya tangi ili kioo kisikalie kichwa cha msumari au punje ya mchanga.

Fundi vioo akikutengenezea, mwambie atumie kioo cha milimita 8 na silikoni isiyo na dawa ya kuzuia kuvu. Ile ya bafuni mara nyingi ina dawa hiyo, na ni sumu kwa samaki. Iache ikauke wiki nzima, mpaka harufu ya siki iishe kabisa. Kisha jaza maji tangi likiwa nje, uliache siku mbili. Kama litavuja, livujie uani.

Weka mbali na dirisha la jua. Waya za umeme zining'inie chini ya soketi kabla ya kupanda, ili tone likiteleza kwenye waya lidondoke sakafuni badala ya kuingia kwenye soketi.

Hatua ya 3: Mchanga, mawe na makombe

Mchanga wa mto unatosha. Chekecha, kisha osha kwenye ndoo kidogo kidogo huku ukikoroga kwa mkono, mpaka maji yatoke meupe. Ni kazi ya kuchosha na haina njia ya mkato. Mchanga ulioharakishwa utakupa maji ya rangi ya chai ya maziwa kwa siku kadhaa. Usiguse sabuni.

Jiwe usilolijua, lidondoshee siki. Likitoa mapovu, lina chokaa, na litapandisha pH na ugumu. Kwa tangi hili ni jambo jema. Kwa tangi la tetra, liache. Kama maji yako ni laini na bado unawataka samaki wa Tanganyika, nunua maganda ya konokono yaliyosagwa kwenye duka la vyakula vya kuku, yaoshe, yatie kwenye soksi safi, uifiche nyuma ya filta. Yatayeyuka taratibu na kushikilia pH isishuke.

Makombe yachemshe, uhakikishe hakuna mabaki ya nyama ndani, kisha yatawanye juu ya mchanga wa kina cha sentimita 4 au 5. Samaki hawa ni wachimbaji. Watayapanga upya wenyewe, kwa hiyo usipoteze jioni ukitafuta mpangilio wa kupendeza. Mawe makubwa yakae kwenye kioo cha chini moja kwa moja, si juu ya mchanga, wasije wakayachimbua yakawaangukia.

Hatua ya 4: Filta na hewa

Kwa tangi hili natumia filta ya sponji inayosukumwa na pampu ya hewa. Ni rahisi, haimezi vifaranga, na sponji lake lina vitundu visivyohesabika vya bakteria kukalia. Pampu ya wati 5 ikiwaka saa 24 kwa mwezi mzima hula kama uniti 3.6 za LUKU, kwa hiyo hakuna sababu ya kuizima usiku. Usiizime kabisa. Bakteria hawa wanahitaji oksijeni kama samaki wenyewe.

Pampu iwekwe juu ya usawa wa maji, au mpira wake ufungwe vali ya kuzuia maji kurudi. Umeme ukikatika, maji hurudi kupitia mpira na kumwagika juu ya pampu. Kwa maeneo ambayo mgao hauishi, pampu ndogo ya kuchaji ni akiba nzuri.

Hita Dar haina kazi. Arusha, Mbeya, Njombe au Nairobi, weka hita ya takribani wati 1 kwa kila lita, uipange kwenye nyuzi 26 za Selsiasi. Kwenye baridi, kukomaza huchelewa sana.

Hatua ya 5: Kujaza maji

Weka sahani juu ya mchanga, mimina taratibu juu yake. Maji ya bomba yana klorini, ambayo huwekwa makusudi kuua bakteria, na wewe unataka kuwafuga. Tumia dawa ya kuondoa klorini, au acha maji kwenye pipa wazi siku mbili huku pampu ya hewa ikipuliza. Anayesoma hili akiwa Marekani ajue kwamba miji mingi huko hutumia kloramini, ambayo haiondoki kwa kuyaacha maji wazi. Kwake dawa ni lazima.

Washa filta. Taa izime, maana bila mimea itakuwa inalisha mwani tu.

Hatua ya 6: Kuwalisha bakteria

Hapa ndipo wengi huharibu. Wanawasha filta wiki nzima kwenye maji matupu, wanasema tangi limetulia, wanaleta samaki. Tangi hilo halijaanza hata kidogo, kwa sababu bakteria hawakupewa chakula. Chakula chao ni amonia, na kwa kuwa samaki hawapo, lazima uitie wewe.

Njia ya jikoni ni kamba mmoja mbichi kwenye soksi, au chakula cha samaki kidogo kila siku, kioze ndani. Inafanya kazi, ila inanuka, maji hugeuka ya maziwa, na huwezi kujua umetia amonia kiasi gani.

Mimi natumia mbolea ya SA, yaani salfeti ya amonia, kutoka duka la pembejeo. Hakikisha ni SA tupu. UREA siyo, CAN siyo, NPK siyo kabisa. Pima gramu 8 kwa mzani mdogo wa dijitali, koroga kwenye lita 1 ya maji mpaka iyeyuke, funga chupa, iandike na uiweke mbali na watoto. Mililita 1 ya maji hayo kwa kila lita 1 ya tangi hukupa takribani miligramu 2 za amonia kwa lita. Tangi letu la lita 100 linahitaji mililita 100. Tia mara moja, subiri saa moja, pima. Ukisoma kama 2, umepatia.

Kuna njia ya kufupisha safari. Kama una rafiki mwenye tangi lililokaa miezi mingi bila samaki kuugua, mwombe akamulie sponji lake ndani ya tangi lako, au akukatie kipande ukiweke kando ya filta yako. Majimaji hayo ya kahawia yanaonekana uchafu, na ndiyo zawadi kubwa kuliko zote. Wiki tano zinaweza kuwa mbili. Bakteria wa chupa wanaouzwa madukani ni wa kubahatisha: chupa iliyopitia kontena la bandarini na rafu ya juani huenda imebaki maji tu. Tena baadhi ya bidhaa za zamani zilitegemea bakteria waitwao Nitrobacter, wakati utafiti wa mwaka 1998 ulionyesha kuwa kwenye matangi ya maji baridi kazi ya kumaliza nitriti hufanywa na bakteria wengine, Nitrospira.

Hatua ya 7: Kusoma vipimo

Pima amonia na nitriti kila baada ya siku mbili, uandike kwenye daftari. Siku za kwanza amonia itasimama palepale. Usiongeze. Baadaye, mara nyingi ndani ya wiki ya pili, itaanza kushuka na nitriti kujitokeza. Hapo ndipo uongeze dozi, nusu ya ile ya kwanza, kila amonia inapokaribia sifuri.

Nitriti hupanda na kung'ang'ania juu kwa muda mrefu, hata wiki mbili au tatu, kisha hushuka ghafla. Ikizidi miligramu 5 kwa lita, acha kutia mbolea na badilisha nusu ya maji. Usiogope kwamba unawamwaga bakteria. Wao wako kwenye sponji, mchanga na mawe, si kwenye maji. Kila kitu kikisimama bila kusogea, pima pH. Ikiwa chini ya 6.5, umepata jibu: kazi ya bakteria hutafuna kabonati inayoshikilia pH ya maji, na ikiisha, nao hupunguza kasi. Badilisha maji, ongeza ile soksi ya maganda.

Ukungu mweupe au utando wa kahawia kwenye vioo si ugonjwa. Uache.

Na kwa nini niwe mkali hivi kwa tangi la samaki wa Tanganyika? Kwa sababu sumu ya amonia hutegemea pH. Kwenye pH 7, sehemu yenye sumu kali haifiki hata asilimia 1. Kwenye pH 8.5 na joto la nyuzi 28, inazidi asilimia 15. Maji yaleyale yanayowapendeza samaki hawa ndiyo yanayoifanya amonia kuwa kali. Tangi la tetra lisilokomaa linaweza kukusamehe. Hili halikusamehi.

Hatua ya 8: Mtihani wa mwisho

Tia dozi kamili ya miligramu 2 jioni. Kesho yake saa ileile, pima. Amonia sifuri na nitriti sifuri, tangi limefaulu. Rudia siku inayofuata kuthibitisha. Nitriti ikibaki hata kidogo, endelea wiki nyingine. Muda wa kawaida ni wiki tatu hadi sita.

Likifaulu, nitrati itakuwa juu sana. Badilisha maji asilimia 80, kwa maji yaliyoondolewa klorini, na pima tena mpaka nitrati iwe chini ya 20. Sponji likiwa limeziba, likamue ndani ya ndoo ya maji ya tangi lenyewe, kamwe si chini ya bomba.

Baada ya hapo una siku moja au mbili za kuleta samaki. Ukichelewa, tia robo ya dozi kila siku ili bakteria wasife njaa, na ubadilishe tena maji siku moja kabla. Chukua samaki 6, si 20, kutoka kwenye tangi la duka ambalo hakuna aliyekufa wala anayejikuna kwenye mawe. Maji ya mfuko wa duka yamwage chooni. Kwako waingie samaki peke yao, kwa kijiwavu. Wiki ya kwanza walishe kidogo mara moja kwa siku, na endelea kupima nitriti kila asubuhi.