Kiazi, chumvi na bilauri tatu: jinsi ya kuona maji yakiingia na kutoka kwenye seli

Ukitia chumvi kachumbari saa nne asubuhi, ukaja kuila saa saba mchana, utakuta bakuli lina maji ambayo hukuyatia wewe. Vitunguu vimelegea, nyanya zimenywea. Maji yale yametoka ndani ya seli zake. Nafundisha baiolojia sekondari, na kila mwaka napata wanafunzi waliokariri neno kwa neno maana ya osmosisi (maji kupita kwenye utando, ile ngozi nyembamba inayoizunguka seli, kuelekea upande wenye chumvi au sukari nyingi zaidi), lakini ukiwauliza habari ya kachumbari wanatazamana. Jaribio hili hatulifanyii maabara. Jikoni kunatosha.

Tafuta kiazi mviringo kimoja kikubwa kibichi, kisu kikali, rula, bilauri tatu za mililita 250, chumvi laini ya mezani, kijiko cha chai na kitambaa safi.

Hatua ya 1: Kata vipande

Menya kiazi kwanza. Ganda halipitishi maji vizuri, na ukiliacha unaweza kusubiri saa nzima usione kitu. Kata vipande tisa kama chipsi, kila kimoja urefu wa sentimita 5 na unene wa sentimita 1. Usikadirie kwa macho, tumia rula, maana tofauti utakayoitafuta baadaye ni ya milimita chache tu.

Hatua ya 2: Andaa bilauri

Bilauri A: maji matupu. Bilauri B: maji na nusu kijiko cha chumvi. Bilauri C: maji na vijiko viwili, vilivyosawazishwa kwa mgongo wa kisu. Koroga mpaka chumvi yote iyeyuke, kisha tumbukiza vipande vitatu katika kila bilauri. Andika saa.

Hatua ya 3: Subiri saa mbili

Endelea na shughuli zako.

Hatua ya 4: Kunja kwanza, pima baadaye

Wengi huanza na rula. Mimi naanza na vidole, kwa sababu mwanafunzi akishakihisi kiazi mkononi hasahau tena. Toa kipande kimoja kutoka kila bilauri, kifute kwa kitambaa. Kile cha C kishike ncha zote mbili ukikunje polepole: kinajipinda kama kipande cha ndala, hakikatiki. Cha A ni kigumu. Ukikikunja kinalia "tap!" na kukatika, na kidole kinalowa. Cha B kiko katikati, mara nyingi hakijabadilika sana. Vipande viwili vilivyobaki kila bilauri vipime kwa rula, tafuta wastani, andika.

Sasa hapa ndipo watu wanapopotea. Wengi huandika kwamba "chumvi imevuta maji." Kwa mazungumzo ya nyumbani haina shida, lakini ukiitegemea hiyo hutafika mbali. Molekuli za maji hazitulii. Kila wakati zinapita kwenye utando wa seli, nyingine zikiingia na nyingine zikitoka. Kwenye bilauri C, maji ya nje yamechanganyika na sodiamu na kloraidi nyingi, ambazo ndizo zinazounda chumvi, kwa hiyo molekuli za maji zilizo huru ni chache nje kuliko ndani. Zinazotoka zinazizidi zinazoingia, na seli inanywea. Kwenye A mambo yako kinyume. Sehemu kubwa ya maji hayo hupitia kwenye vijia vya protini viitwavyo akwaporini, ambavyo kugunduliwa kwake kulimpatia Peter Agre wa Marekani Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2003.

Mwanafunzi makini atauliza: mbona kiazi cha A hakikupasuka? Kwa sababu nje ya utando, seli ya mmea ina ukuta mgumu wa selulosi unaoizuia. Chembe nyekundu za damu hazina ukuta huo, na ukizitia kwenye maji matupu huvimba zikapasuka. Ndiyo maana dripu ya chumvi hospitalini huwa na gramu 9 za chumvi kwa kila lita, si maji matupu.

Hatua ya 5: Chemsha, uone utando ukifa

Kata vipande viwili vya bitiruti, vioshe mpaka maji yasibadilike rangi tena. Kimoja kitie kwenye maji baridi, kingine kwenye maji yanayochemka. Cha maji baridi kitatoa rangi kidogo sana, lakini maji ya moto yatageuka mekundu mbele ya macho yako. Rangi ilikuwa humo siku zote. Utando ndio ulioizuia, na moto umeuharibu.

Hatua ya 6: Kutoka kwenye kiazi mpaka kwenye utumbo

Hatua hii ndiyo ninayoipenda zaidi, kwa sababu inaokoa watoto. Maji yanapita kwenye utando, lakini sodiamu, kwa kuwa ina chaji ya umeme, haiwezi kujipenyeza yenyewe. Inahitaji lango. Mwaka 1960, huko Prague, Robert Crane alieleza kwamba kwenye utumbo mwembamba sukari na sodiamu huingia pamoja. Leo tunajua lango moja la namna hiyo huchukua sodiamu mbili kwa glukosi (aina ya sukari) moja. Upande wa pili wa seli kuna pampu inayotoa sodiamu tatu na kuingiza potasiamu mbili, na kazi hiyo hutumia nishati ya ATP, kemikali inayobeba nishati ndani ya seli. Jens Christian Skou wa Denmark aliigundua mwaka 1957 akichunguza neva za kaa. Sodiamu inapohama, maji yanaifuata, kama ulivyoona kwenye bilauri.

Hata mtu mwenye kipindupindu, anayeharisha maji matupu, lango hilo la sukari na chumvi bado linafanya kazi. Ukimpa maji peke yake mengi yatapita tu. Mpe yenye chumvi na sukari, mwili utayapokea.

Pakiti ya ORS, yaani mchanganyiko maalumu wa chumvi na sukari wa kutia kwenye maji ya mtu anayeharisha, ndiyo bora. Ukiikosa, chukua lita 1 ya maji safi yaliyochemshwa yakapoa, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Usizidishe chumvi: ulichokiona kwenye bilauri C kinaweza kutokea kwenye seli za mtoto. Onja kabla ya kumpa, na yakiwa na chumvi kuliko machozi, mwaga uanze upya. Mnyweshe kidogo kidogo kwa kijiko, na akitapika subiri dakika kumi uendelee. Akishindwa kunywa, au akilegea, au macho yakiingia ndani, mpeleke kituo cha afya mara moja huku ukiendelea kumnywesha njiani kama anaweza kumeza. Yaliyobaki baada ya saa 24 yamwage.