"Many" au "much"? Anza na "chache" na "kidogo"

Jioni nafundisha Kiingereza hapa Ngamiani, Tanga. Wengi wa wanafunzi wangu ni wenye maduka, madereva wa bajaji na vijana wanaotembeza wageni mapango ya Amboni. Wote hukwama palepale. Kiswahili kina "-ingi" moja, machungwa mengi na maji mengi, ila Kiingereza kinakulazimisha uchague. Bahati nzuri, kwenye uchache na sisi tunatenganisha.

Hatua ya 1: Jiulize, ungesema "chache" au "kidogo"?

Machungwa machache, samaki wachache, viti vichache: vinahesabika, basi ni "a few oranges", "many chairs", "how many". Chumvi kidogo, maji kidogo, unga kidogo: havihesabiki, basi ni "a little salt", "much water", "how much". Ile ma- ya maji, mafuta na maziwa isikuzuge, siyo wingi kama ya machungwa.

Hatua ya 2: Kariri wakaidi

Dukani tunaomba mikate miwili. Kwa Kiingereza "two breads" haipo, ni "two loaves of bread". Stendi tunauliza mizigo mingapi, lakini "how many luggage" ni kosa: sema "how much luggage", au "how many bags". Kundi hilihili lina "advice", "information", "news", "furniture", "equipment" na "homework". Pesa nayo tunaihesabu noti kwa noti, tena tunasema pesa chache, lakini "money" inataka "much". Maharage ni "many beans", mchele ni "much rice". Kwa nini punje hii ihesabiwe na ile isihesabiwe, waulize wenyewe.

Hatua ya 3: Ichunge "a"

Hapa ndipo nilipoumbuka. Nikiwa mhudumu wa nyumba ya wageni Raskazone, asubuhi moja mgeni aliuliza kama kuna maziwa. Jagi lilikuwa nusu. Nikajibu kwa kujiamini, "There is little milk." Akasema basi, haina neno, akanywa chai ya rangi, nami nimesimama na jagi langu mkononi. Kumbe nimemwambia maziwa hayatoshi kitu, asijisumbue. Nilitakiwa kusema "a little milk": yapo, kidogo.

"Few" ni vivyo hivyo. Ukiambiwa "There are a few buses to Pangani", kaa stendi usubiri. Ukiambiwa "There are few buses", anza kuulizia bodaboda.

Hatua ya 4: Ukisita, tumia "a lot of"

Hii inakubali pande zote: "a lot of fish", "a lot of sugar". Tena kwenye sentensi ya kukubali ndiyo inayosikika vizuri. "I have much money" hainogi masikioni, "much" iachie kukanusha na kuuliza: "I don't have much money." "Some" na "any" nazo hazibagui.

Kwenye kupungua, vinavyohesabika vinachukua "fewer", visivyohesabika "less". Hapa hata wenye lugha huvutana. Mwaka 2008 maduka ya Tesco, Uingereza, yaliamua kubadili vibao vya "10 items or less" kwa sababu ya malalamiko ya watu wa sarufi. Hawakuweka "fewer". Waliandika "Up to 10 items", ugomvi wakaukwepa.

Zoezi: kikapu chako cha sokoni kesho kikague kitu kimoja kimoja, kwa sauti. Nazi, dagaa, mafuta, vitunguu, sukari. Ukifika kwenye dagaa, kwanza amua unawahesabu au unawapima kwa kopo.