Mgeni akisema tipu ni "in kind"

Wadau wa mlima hapa Moshi, mgeni akikuandikia kwamba tipu ya wapagazi ataitoa "in kind", usimjibu asante kwa wema wako ukapita. Anamaanisha atatoa vitu, si fedha: buti alizopandia, jaketi la baridi, zile fimbo za kutembelea, pale geti la Mweka mkishashuka. Muulize mapema, kwa adabu: na fedha itakuwepo, au ndiyo basi? Ada ya shule hailipwi kwa buti, tena saizi 46.

Neno lenyewe, "kind" la wema na "kind" la hiyo "in kind", ni moja. Kwenye Kiingereza cha kale lilihusu asili na uzao, na ni jamii moja na "kin", yaani ndugu wa damu. Upande mmoja likawa aina, ndiyo maana mtu huuliza "what kind?", upande wa pili likawa ule moyo unaomwonyesha mtu wa kwenu, yaani wema. "In kind" imetoka upande wa aina. Ama "kind regards" mwishoni mwa barua pepe, hiyo wala usiichambue, ni salamu tu.