Gari la Umeme na Mwizi: Mambo ya Kuzingatia Kabla

Gari la petroli likiibwa usiku, mwenyewe huweza kuamshwa na mngurumo wa injini. La umeme halingurumi. Umoja wa Ulaya uliagiza kila gari jipya la umeme kuanzia Julai 2021 liwe na kifaa cha kutoa sauti linapokwenda chini ya kilomita 20 kwa saa, ili waenda kwa miguu walisikie. Sauti yenyewe ni mvumo wa chinichini tu, na aliyelala akiwa amefunga madirisha haimfikii. Mwizi huondoka nalo kama paka anavyotoka jikoni.

Tusitiane hofu bure, hata hivyo. Nchini Marekani, taasisi ya HLDI inayochambua madai ya bima za magari imeyataja baadhi ya magari ya Tesla miongoni mwa yanayoibwa kwa nadra zaidi. Sababu moja inayotolewa ni kwamba gari la umeme hulala gereji au karibu na nyumba, kwa kuwa ndipo linapochajiwa. Kwa hiyo huna haja ya kulala nusu macho. Ila likija kuibwa, haliibwi kwa njia uliyoizoea, na kinga yake huwekwa mapema, jioni moja ya utulivu, kitabu cha maelekezo kikiwa mapajani.

Kabla ya kulala

Anza na ufunguo. Magari mengi ya umeme hufunguka yenyewe ufunguo ukikaribia: gari hutoa mawimbi dhaifu ya redio kuuliza kama ufunguo upo, nao hujibu ukiwa mfukoni. Wezi wawili hutumia tabia hiyohiyo. Mmoja husimama karibu na mlango au dirisha la nyumba akiwa na kifaa cha kurefusha mawimbi, mwenzake husimama kwenye gari na kifaa cha pili. Gari hudhani ufunguo uko hapo nje, kumbe umetundikwa sebuleni. Kioo hakivunjwi, na king'ora hakilii, maana kwa hesabu za gari mwenye mali amefika.

Dawa yake ni mfuko wa Faraday, ule wenye kitambaa cha chuma kinachozuia mawimbi. Usiuamini kwa sababu tu umeununua. Tia ufunguo ndani, nenda kwenye gari, shika kitasa. Mlango ukifunguka, mfuko haufai. Rudia jaribio hilo kila baada ya miezi michache, kwa sababu kitambaa huchakaa kwenye mikunjo. Na ufunguo wa akiba, ambao karibu kila mtu huusahau kwenye droo ya karibu na mlango, nao uwe na mfuko wake. Funguo nyingine hujizima zikikaa bila kutikiswa, na baadhi ya magari mapya hupima muda ambao mawimbi yanachukua kusafiri, hivyo hayadanganyiki kirahisi. Uliza kama lako ni mojawapo.

Anayefungua kwa simu asidhani amepona. Mei 2022, kampuni ya usalama wa kompyuta ya NCC Group ilionyesha kwamba hata mawasiliano ya Bluetooth kati ya simu na Tesla Model 3 yanaweza kurefushwa vivyo hivyo, gari likafunguka na kuondoka.

Ndiyo maana nikiambiwa nichague kinga moja tu, nitachagua PIN ya kuendeshea. Mlango unaweza kudanganywa, lakini gari halitasogea hadi namba iandikwe kwenye skrini. Tesla ilileta kinga hiyo mwaka 2018, mwaka uleule watafiti wa Chuo Kikuu cha KU Leuven cha Ubelgiji walipoonyesha kwamba ufunguo wa Model S ungeweza kunakiliwa ndani ya sekunde chache. Kama gari lako linayo na hujaiwasha, acha kusoma, kaiwashe, kisha urudi. Usiweke mwaka wako wa kuzaliwa.

Kuna njia nyingine ambayo haigusi ufunguo kabisa. Ian Tabor, mtafiti wa usalama wa kompyuta wa London, mwaka 2022 alikuta bampa la Toyota RAV4 yake limevutwa na nyaya za taa ya mbele zimechomolewa. Ilionekana kama uharibifu wa wahuni. Baadaye gari likatoweka. Uchunguzi ulionyesha kwamba wezi hupitia nyaya za taa kuingia kwenye mtandao wa ndani wa gari, wakaliamuru lifunguke. Funzo lake ni la bure: ukikuta taa au bampa limechokonolewa, usipige tu simu kwa fundi wa rangi. Hamisha gari usiku huohuo. Na ile kufuli nene ya chuma inayobana usukani, ambayo wengi huiona ya kizamani, haisomi mawimbi wala programu. Mwizi akiiona kupitia kioo ana sababu ya kwenda kwa jirani. Samahani kwa jirani.

Kamera za gari zinazorekodi likiwa limeegeshwa nazo zinasaidia, ila hula chaji, na kwenye Tesla hujizima betri ikishuka chini ya asilimia 20. Usiliache na chaji kiduchu ukidhani linajilinda.

Kabla ya kutoa nywila yako kwa yeyote

Akaunti ya gari siku hizi ni ufunguo kamili. Aliye nayo huona gari lilipo, hufungua milango, na kwa baadhi ya magari huliwasha. Januari 2022 kijana Mjerumani wa miaka 19, David Colombo, alieleza jinsi alivyofikia magari ya Tesla zaidi ya 25 katika nchi 13. Mlango ulikuwa programu ya mtu wa tatu ambayo wenye magari waliiweka wenyewe ili waone takwimu za safari zao, wakaiacha wazi kwenye intaneti. Kabla ya kuunganisha programu yoyote ya namna hiyo, jiulize kama michoro ya matumizi ya umeme ina thamani ya kumpa mgeni rimoti ya gari.

Tumia nywila ambayo huitumii kwingine, na washa uthibitisho wa hatua mbili kama upo. Ingia kwenye orodha ya funguo na simu zilizosajiliwa, uzihesabu. Simu usiyoitambua ifute. Ukinunua gari lililotumika, hesabu hiyo ifanyike kabla pesa hazijatoka, muuzaji akiwa amesimama hapo: aliondoe gari kwenye akaunti yake, afute funguo zake, arejeshe mfumo kwenye hali ya kiwandani. Nawe siku ya kuuza ufanye hivyohivyo, maana skrini ina anwani ya nyumbani kwako na pengine rimoti ya geti lako.

Sasisho za mtengenezaji usiziahirishe. Mwaka 2024 watafiti walionyesha kwamba namba ya usajili pekee ilitosha kuwapa udhibiti wa baadhi ya mambo katika magari ya Kia, likiwemo la kufungua milango. Kampuni ilirekebisha kasoro hiyo.

Kabla ya kuchomeka plagi

Hapa ndipo ningependa ukae zaidi, kwa sababu mazungumzo ya wizi huishia kwenye funguo, na mtu mwenyewe husahaulika. Kujaza petroli ni dakika tano. Kuchaji kwa kasi kutoka asilimia 10 hadi 80 huchukua kama dakika 20 hadi 40, na chaja za kawaida huchukua saa kadhaa. Muda wote huo gari limefungwa kama mbuzi kambani. Plagi ikiwa ndani, gari halikubali kuingia gia, na umeme unapopita plagi yenyewe hujifunga. Ili uondoke sharti usimamishe chaji, uifungue plagi, ushuke, uichomoe. Usipange kukimbia kwa gari ukiwa katika hali hiyo.

Kwa hiyo kituo huchaguliwa kwa mwanga na watu kabla ya kasi ya chaja. Kanuni yangu ni kufika na angalau asilimia 20, ili nikiona mahali pana shaka nipite niende kituo kinachofuata. Anayefika na asilimia tatu hana uchaguzi. Egesha pua ikielekea njia ya kutokea kama kebo inaruhusu. Ukishachomeka, rudi ndani, funga milango, pandisha vioo. Gari la umeme huendesha kipoza hewa bila kutoa moshi, basi usikae vioo vikiwa chini kwa sababu ya joto. Visikizi vya masikioni viache.

Jifunze kusimamisha chaji ukiwa ndani, na ujue kamba ya dharura ya kufungulia plagi iko wapi. Hili nililijifunza vibaya. Saa tatu usiku, maegesho matupu, plagi imegoma kutoka, nami nikamaliza nusu saa nikiongea na huduma kwa wateja. Kumbe kamba ilikuwa ndani ya buti, nyuma ya kifuniko kidogo nilichokiona kila siku.

Mtu akikusogelea vibaya ukiwa umefungwa hivyo, milango ibaki imefungwa, honi ilie, simu ipigwe. Akiwa na silaha na anataka gari, mpe. Akitaka PIN, mtajie. Kama kuna mtoto kiti cha nyuma, sema hivyo kwa sauti kabla ya jambo lingine lolote.

Chaja zenyewe nazo zikague. Matapeli hubandika msimbo wao wa QR juu ya ule halali, malipo yakaenda kwao. Pitisha ukucha pembeni uone kama ni stika juu ya stika, au bora zaidi lipa kwa kadi au programu uliyoipakua mapema. Mwaka 2024 watafiti wa usalama wa kompyuta Talal Haj Bakry na Tommy Mysk walionyesha ujanja wa kuweka Wi-Fi bandia yenye jina la kampuni karibu na chaja za Tesla, dereva akaingiza nywila yake, nao wakapata njia ya kusajili simu yao kama ufunguo. Kwenye kituo, tumia data ya simu yako. Na kama kebo ni yako, funga gari ukiwa unachaji, kwa sababu magari mengi hushikilia plagi yakiwa yamefungwa, nayo shaba ina wanunuzi.

Kabla ya siku mbaya

Magari mengi ya umeme hayana tairi la akiba, yana dawa ya kuziba na pampu tu. Ukipata pancha mahali pabaya, jikokote hadi penye mwanga hata kama rimu itaharibika. Betri ndogo ya volti 12 ikifa, milango ya umeme huweza kugoma hata kama betri kubwa imejaa. Tafuta leo ufunguo wa chuma uliofichwa ndani ya rimoti na kitasa cha mkono cha kutokea ndani, na uwaonyeshe watakaokaa nyuma, kwani katika baadhi ya magari cha nyuma kimefichwa.

Ukificha kifaa cha kufuatilia kama AirTag, elewa kwamba simu ya mwizi inaweza kumwarifu kuna kifaa kinachosafiri naye. Kifaa hicho hukupa saa chache za mwanzo, usikitegemee kwa wiki.

Andika kwenye karatasi, nje ya gari na nje ya simu, namba ya chesisi, namba ya usajili, namba ya bima, na namba ya dharura ya mtengenezaji. Mwizi akichukua simu pamoja na gari, hiyo karatasi ndiyo itakayokuwezesha kupiga kutoka kwa jirani. Kisha badilisha nywila kutoka kifaa kingine, lakini usiliondoe gari kwenye akaunti kwa hasira, kwa sababu ukiliondoa unapoteza na ramani inayoonyesha lilipo. Ramani hiyo wape polisi, usiifuate mwenyewe.