Kuchagua uti wa mkuki kwa sanamu ndogo za askari

Anayebadilisha sanamu za milimita 28 ili ziwe askari wa falanga ya Makedonia ya kale, yaani kikosi cha wapiganaji wa mikuki waliosimama kwa safu zilizobanana, hukutana mapema na tatizo la sarisa, mkuki uliokuwa na urefu wa takriban mita 5 hadi 6, ambao kwa kipimo cha sanamu hizo, 1:56, unakuwa kati ya milimita 89 na 107. Kwa urefu huo, plastiki nyembamba huvunjika upesi, na uti wa metali laini uliokuja na sanamu hupinda kila unapoguswa.

Mimi huchagua kijiti cha shaba ya njano chenye unene wa milimita 0.8. Kwa hesabu kamili kingepaswa kuwa chembamba zaidi kidogo, lakini unene huo hupendeza machoni, hupenya ngumi iliyotobolewa kwa keekee ya milimita 0.9 bila kuipasua, na ncha yake ikigongwa kwa nyundo hubapa, kisha hutiwa tupa mpaka iwe kichwa cha mkuki. Kipige msasa na ufute mafuta kabla ya rangi ya kwanza, la sivyo rangi itabanduka.

Waya wa chuma cha springi ni mgumu zaidi, ila huharibu koleo la kukatia na kipande chake huweza kuruka, kwa hiyo vaa miwani ya kinga. Kijiti cha mshikaki kinafaa sanamu kubwa tu, kwa kuwa nyuzi za mwanzi huonekana hata chini ya rangi.